Kutoka Mto Kisat hadi Mlango wa Rusinga: Daftari la Safari ya Kupima Maji ya Ghuba ya Winam

Kabla ya kuondoka

Ghuba ya Winam ni mkono wa Ziwa Victoria ulioingia upande wa Kenya kwa urefu wa kilomita 60 hivi. Eneo lake linapita kidogo kilomita za mraba 1,300, na kina chake cha wastani hakifiki mita 10, ilhali ziwa lenyewe lina wastani wa mita 40 na upeo wa mita 80 hivi. Kisumu na Homa Bay hunywa maji ya ghuba hii, na humohumo ndimo majitaka yao yanamoishia. Safari inaifuata fosforasi, kirutubisho kinacholisha mwani: inakoingilia, inakolala, inakozukia tena, mpaka kwenye tangi la kusafishia maji.

Kazi inaharibika au kufaulu usiku wa kuosha chupa. Fosforasi hupimwa kwa maikrogramu, kwa hiyo tone la sabuni yenye fosfeti linatosha kuifanya ghuba ionekane chafu kuliko ilivyo. Chupa hulazwa ndani ya asidi ya hidrokloriki ya asilimia 10, kisha husuuzwa kwa maji yaliyokenekwa mara kadhaa. Kila sanduku hubeba chupa moja ya ushahidi: ina maji yaliyokenekwa, hufunguliwa na kufungwa pale pale sampuli zinapochukuliwa. Ikirudi na fosforasi, sanduku zima linatiliwa shaka. Sampuli za sumu ya mwani huwekwa kwenye chupa za kioo cheusi, maana mikrosistini, ndiyo sumu yenyewe, hunata kwenye kuta za baadhi ya plastiki na kipimo hushuka bila sababu. Barafu iwe nyingi kuliko inavyodhaniwa. Ya Kisumu huyeyuka kabla ya adhuhuri.

Siku ya kwanza: mifereji ya mji

Tunaanza nchi kavu. Mto Kisat unapita eneo la viwanda la Kisumu na kumwaga karibu na bandari. Upande wa pili wa mji, kijito cha Auji kinapita Nyalenda na kuishia kwenye kinamasi cha mafunjo cha Dunga. Mabwawa ya majitaka ya Nyalenda yako upande huohuo.

Mabwawa ya aina hii yakitunzwa vizuri huua vijidudu vya magonjwa kwa jua na muda, lakini hayakuundwa kuondoa fosforasi. Sehemu kubwa ya fosforasi inayoingia hutoka upande wa pili ikiwa imeyeyuka, tayari kuliwa na mwani. Hesabu yake haihitaji maabara. Mtu mmoja hutoa kama gramu 1.5 za fosforasi kwa siku kupitia choo na maji ya kufulia. Watu 100,000 ni kilo 150 kwa siku. Mwani mkavu una fosforasi ya takriban asilimia 1 ya uzito wake, kwa hiyo kilo hizo 150 zinaweza kulisha tani 15 za mwani mkavu, iwapo mwanga na naitrojeni vipo.

Sampuli ya mfereji huchukuliwa katikati ya mkondo, mdomo wa chupa ukielekea maji yanakotoka, mchukuaji akisimama upande wa chini ili tope alilolitibua lisiingie. Kila kituo kina chupa mbili. Ya kwanza haichujwi. Itapikwa na persalfeti ya potasiamu kwa nyuzi 121 kwa nusu saa ili kupata fosforasi yote, pamoja na ile iliyoshikwa na udongo. Ya pili huchujwa papo hapo kwa chujio la maikromita 0.45, na ndiyo inayoonyesha fosforasi iliyoyeyuka. Ukisema utachuja jioni, umeshaikosa: vijidudu vilivyomo ndani ya chupa vinaendelea kula njiani, na namba inayofika maabara si ya mfereji tena.

Saa nayo huandikwa. Majitaka ya mji hupanda asubuhi watu wanapooga na kufua, hushuka mchana, hupanda tena jioni. Anayepima saa nane mchana kila mara atapata mto wenye adabu kuliko ulivyo.

Siku ya pili: daraja la Ahero

Mto Nyando unashuka kutoka vilima vya Nandi na Kericho, unapita mashamba ya miwa na viwanda vya sukari, kisha unavuka uwanda wa Kano hadi ziwani. Daraja la Ahero, kwenye barabara ya Nairobi, ndipo mahali pazuri pa kupimia kwa sababu maji yote yanapita njia moja, isipokuwa mto ukifurika. Fosforasi ya Nyando si sawa na ya Kisat. Nyingi imeshikamana na chembe za udongo mwekundu uliomomonyoka kwenye makorongo ya juu, na hubebwa kama mzigo hadi mdomoni.

Hesabu ya mzigo: zidisha kiwango kwa mkondo. Miligramu kwa lita mara mita za ujazo kwa sekunde hutoa gramu kwa sekunde. Zidisha kwa 86.4 upate kilo kwa siku. Chukua mfano wa mto wenye miligramu 0.1 na mkondo wa mita za ujazo 5: ni kilo 43 kwa siku. Mto huohuo baada ya mvua kubwa ya masika, ukiwa na miligramu 0.8 na mkondo wa mita za ujazo 100, ni kilo 6,900 kwa siku. Siku moja ya mafuriko imebeba kuliko miezi mitano ya kiangazi.

Hapa ndipo ripoti nyingi zinapopotoka. Ratiba ya kupima mara moja kwa mwezi huangukia siku kavu, gari linapopita na mto unapofikika, na mzigo wa mwaka unatoka mdogo kuliko ukweli. Afadhali sampuli chache wakati wa kiangazi na nyingi mto unapopanda, kila baada ya saa chache, hasa mto unapoanza kupanda. Maji ya kwanza ndiyo yanayozoa vumbi, mbolea na samadi. Kilele cha tope hutangulia kilele cha maji.

Siku ya tatu: Dunga hadi katikati ya ghuba

Boti inaondoka kabla jua halijachomoza, kwa sababu ya oksijeni. Mchana mwani hutoa oksijeni na kipimo hupendeza. Usiku kila kiumbe kinavuta na hakuna anayetoa. Ukitaka kujua kama tope la chini linakosa hewa, pima alfajiri, nusu mita juu ya tope, na uhakikishe kifaa hakigusi chini. Kikizama topeni kitasoma sifuri hata kama maji yaliyo juu yake yako salama.

Saa nne asubuhi ni zamu ya sahani ya Secchi: duara la sentimita 20 lenye robo nyeusi na nyeupe. Hushushwa upande wa boti wenye kivuli, bila miwani ya jua, hadi ipotee. Huvutwa hadi ionekane tena. Wastani wa vina viwili ndio unaoandikwa. Ndani ya ghuba kwa kawaida hupotea kabla ya mita moja. Michael Graham na Barton Worthington walipolichunguza ziwa mwishoni mwa miaka ya 1920, katika maji ya mbali na pwani sahani kama hiyo ilionekana hadi mita kadhaa. Kufikia miaka ya 1990, vipimo vilivyolinganishwa na vile vya Jack Talling vya 1960 na 1961 vilionyesha kuwa uzalishaji wa mwani ziwani umeongezeka takriban mara mbili, silika iliyoyeyuka imepungua sana, na diatomu kubwa za zamani, mwani wenye ganda la silika, zimepisha sianobakteria, yaani mwani wa kijani-buluu.

Jambo moja humshangaza mgeni. Mbele ya mdomo wa Nyando, penye virutubisho vingi zaidi, mwani si lazima uwe mwingi zaidi. Tope limezuia mwanga. Mwani hulipuka mbele kidogo, pale chembe za udongo zinapozama na fosforasi kubaki. Kwa hiyo uchafu wa maji unaouona kwa macho ni wa aina mbili, kahawia na kijani, na sahani ya Secchi haijui tofauti yao. Klorofili, rangi ya kijani ya mwani, ndiyo inayotofautisha: maji huchujwa kwa chujio la nyuzi za kioo, taratibu bila kuvuta kwa nguvu, kisha chujio hukunjwa, hufungwa kwa karatasi ya alumini na kuwekwa gizani kwenye barafu. Mwanga wa dakika chache unaanza kuiharibu rangi.

Mwani wa kuhesabiwa huwekewa matone ya Lugol, dawa ya iodini ya kuhifadhia, mpaka maji yawe na rangi ya chai hafifu. Chini ya hadubini wanaotazamiwa ni Microcystis, makundi yasiyo na umbo maalumu, na Dolichospermum, mnyororo wenye seli nene za kunasa naitrojeni. Huyu wa pili anaeleza kwa nini kupunguza naitrojeni peke yake hakutoshi hapa. Topeni kuna bakteria wanaogeuza nitrati kuwa gesi ikapotea hewani, fosforasi inabaki, uwiano wa viwili hivyo unapinda, na mwenye uwezo wa kuchukua naitrojeni hewani ndiye anayenufaika.

Mchana tunateremsha bomba angavu la kuchukulia tope. Linashuka wima kwa uzito wake, polepole katika mita ya mwisho. Likishuka kwa kishindo hupeperusha tabaka la juu, na sentimita hizo chache za juu ndizo zinazotafutwa. Likitoka na maji machafu juu ya tope, linamwagwa na kazi inarudiwa. Tabaka hukatwa sentimita kwa sentimita.

Tope ndilo linalofanya tatizo hili kuwa la vizazi. Fosforasi hushikwa na madini ya chuma kwenye tope lenye oksijeni. Oksijeni ikiisha, chuma huyeyuka na kuiachilia. Kuna na njia ya pili: mwani ukichanua mchana, pH, yaani kipimo cha asidi na alkali ya maji, hupanda kupita 9, na kwa hali hiyo chuma huachia fosforasi hata oksijeni ikiwepo. Mwani unajifungulia ghala mwenyewe. Katika ghuba ya kina kifupi, upepo wa alasiri unatibua tope hilo karibu kila siku. Mifereji yote ya Kisumu ikizibwa leo, ghala litaendelea kutoa kwa miaka. Mashapo ya ziwa kuu yanaonyesha ongezeko la mwani lilianza miaka ya 1930, sambamba na kufyekwa misitu, kupanuka kwa mashamba na ongezeko la watu, na maji ya kina yakaanza kukosa oksijeni miaka ya 1960. Sangara aliyepandikizwa miaka ya 1950 mara nyingi hubebeshwa lawama zote, lakini tope linaonyesha shida ilimtangulia.

Kuanzia alasiri upepo wa ziwani huvuma kutoka magharibi kwenda Kisumu. Ute wa kijani uliotapakaa ghubani unasukumwa hadi kwenye mwisho wa ghuba, ambako mji unachota maji. Sampuli ya asubuhi na ya jioni mahali pamoja zinaweza kusimulia maziwa mawili tofauti.

Siku ya nne: kuelekea Homa Bay

Gugu maji limeziba njia karibu na Kendu Bay, na injini inazimwa mara kwa mara kutoa mizizi kwenye panga. Mmea huu ulionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Upande wa Kenya wadudu fukusi wa Neochetina waliachiliwa 1997, na mwisho wa muongo huo sehemu kubwa ilikuwa imeporomoka. Kila mara linaporudi hutokea pendekezo la kulivuna ili kuondoa virutubisho. Tani moja ya gugu bichi ni maji kwa asilimia 95. Inabaki kilo 50 kavu, zenye fosforasi ya gramu 150 hadi 250. Kufidia zile kilo 150 za watu 100,000 kunahitaji kuvuna tani 600 hadi 1,000 kila siku, na kuzipeleka mbali zisioze ufukweni. Livunwe kwa ajili ya kufungua njia za boti. Kusafisha maji ni hesabu nyingine.

Vizimba vya sato sasa vimezidi 4,000 upande wa Kenya. Chakula cha samaki kina fosforasi ya asilimia 1 hivi. Kwa kila tani ya samaki, kilo 1,500 za chakula huleta kilo 15, na karibu nusu yake hubaki ziwani. Kizimba kinapaswa kuwa mahali penye mkondo na kina cha kutosha chini ya wavu, mbali na bomba la maji ya kunywa. Sampuli huchukuliwa chini ya kizimba na mita 100 unakoelekea mkondo.

Siku ya tano: Mlango wa Rusinga

Kati ya Rusinga na Uyoma ndipo ghuba inapokutana na ziwa. Kifaa rahisi kuliko vyote, kipimo cha upitishaji umeme, ndicho chenye maneno mengi hapa. Maji ya ziwa kuu husoma karibu maikrosimensi 100 kwa sentimita; ya ndani ya ghuba huwa juu zaidi, mara nyingi kuzidi 140. Ukivuka mlango ukiandika namba kila mita 500, unaona mahali maji mawili yanapogusana, na mahali hapo husogea kwa upepo na kwa kupanda na kushuka kwa ziwa.

Upande wa kusini, kati ya Mbita na kisiwa cha Rusinga, tuta la barabara lililojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 lilifunga mlango mdogo kwa zaidi ya miaka 30. Daraja lilifunguliwa 2017 na maji yakapita tena. Lilikuwa jambo jema, ila mlango huo ni mdogo, na anayetarajia usafishe ufuko wa Kisumu, kwenye ncha ya pili ya ghuba, anatarajia mengi mno. Tena ziwa lenyewe si safi kiasi hicho: sehemu kubwa ya fosforasi yake hushuka kutoka angani, katika vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa, kwa kuwa mvua inayonyesha juu ya ziwa ndiyo takriban asilimia 80 ya maji yote yanayoingia.

Siku ya sita: kwenye mitungi ya majaribio

Tunarudi na mitungi ya lita ishirini ya maji ghafi, nayo inajaribiwa jinsi kituo chochote cha kusafisha maji ya ghuba kingefanya. Vikombe sita vya lita moja vinapangwa. Shabu huyeyushwa gramu 10 kwa lita, hivyo kila mililita moja katika kikombe ni miligramu 10 kwa lita. Vikombe hupewa 20, 30, 40, 50, 60 na 80. Hukorogwa haraka kwa dakika moja, polepole kwa dakika 15 hadi 20, kisha huachwa vitulie nusu saa.

Mwani unaharibu kazi kwa njia tatu. Kwanza, pH ya maji yenye mwani iko juu, na shabu hufanya kazi vizuri kati ya 6 na 7.5 hivi, hivyo kipimo cha jana asubuhi hakifai leo jioni. Pili, Microcystis ina vipovu vya gesi, kwa hiyo mabonge yake huelea badala ya kuzama, yakaenda kuziba chujio la mchanga, ambalo huanza kuoshwa mara kadhaa kwa siku. Tatu, mwendeshaji huongeza shabu, na maji haya hayana uwezo mkubwa wa kuhimili asidi: yale ya ziwa kuu yana alkali ya miligramu 45 hadi 50 kwa lita, na ya ghuba huzidi kidogo. Kila miligramu ya shabu hula nusu miligramu ya alkali hiyo. Ukifika 80 umekula 40. pH inaporomoka na alumini inapita ikiwa imeyeyuka. Hapo chokaa iongezwe kabla ya shabu kupandishwa tena.

Kosa kubwa kuliko yote linaonekana kama busara: kutia klorini mwanzoni, kwenye maji ghafi, ili kuua mwani. Seli nzima hubeba sumu ndani yake na inaweza kutolewa ikiwa nzima. Ikipasuliwa, sumu inayeyuka na chujio la mchanga haliioni. Mabaki ya seli hukutana na klorini yakazaa kemikali zenye madhara za aina ya trihalomethani. Utaratibu unaofaa wakati wa mwani ni kuzitoa seli kwanza, kuondoa tope la matangi kila siku kabla seli hazijaoza humo, kutorudisha maji ya kuoshea chujio mwanzoni mwa mtambo, na klorini kuja mwisho: angalau miligramu 0.5 kwa lita ibaki baada ya dakika 30, pH ikiwa chini ya 8. Hali hiyo huivunja mikrosistini. Harufu ya udongo hubaki, na hiyo inataka mkaa amilifu wa unga.

Kipimo cha sumu hufanywa kwa sampuli iliyogandishwa na kuyeyushwa mara tatu ili seli zote zipasuke. Shirika la Afya Duniani limeweka maikrogramu 1 kwa lita kwa maji yanayonywewa maisha yote, na 12 kwa kipindi kifupi. Nyumbani, kuchemsha hakuiondoi. Huzipasua seli na kuimwaga sumu majini. Kwa anayechota ufukweni siku ya ute wa kijani, shauri ni kuacha maji hayo na kutafuta kisima au kioski.

Njia ya mji kuukimbia mwani inajulikana. Kampala, ambayo mitambo yake ya Ggaba inachota ghuba moja na mfereji wa Nakivubo unakomwaga, ilijenga mtambo wa Katosi, Mukono, wenye uwezo wa mita za ujazo 160,000 kwa siku, mbali na majitaka ya mji. Kisumu ina mtambo wa Kajulu unaopokea maji ya mto Kibos kwa mteremko, bila umeme wa kusukuma, lakini mto huo hupungua wakati wa kiangazi, ndipo bomba la ziwani linapotegemewa zaidi.

Vituo vilevile vinarudiwa mara tatu kwa mwaka, saa zilezile: Februari, ziwa kuu likiwa limegawanyika matabaka, Aprili, Nyando ukiwa umejaa, na mwisho wa Agosti, pepo za kusi zikiwa zimeshalichanganya ziwa mpaka chini. Kituo kinachohamishwa kwa sababu gugu limeziba huandikwa kwa jina jipya, na mstari wa zamani huachwa na pengo.